Old Kampala kwa Miguu, Mpola Mpola



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya ya familia unawaletea safari. Siyo safari ya kupanga foleni, wala ya kutafuta pa kujificha. Ni safari ya kutembea tu, kwa miguu, pole pole, kupanda kilima cha Old Kampala kule mjini Kampala. Tumeona tuwaeleze kwa sababu kwenye kilima kile tulijifunza jambo ambalo kila mtu hapa Nakivale anaweza kulifanya bila kutoa hata shilingi moja.

Ugonjwa wa mawazo

Hapa kwetu ukimuuliza mtu, "Habari ya leo?", wengi watajibu, "Nipo, ila mawazo." Neno hilo limebeba mengi: usingizi uliopotea, moyo kwenda mbio bila sababu, kichwa kuuma, kumfokea mtoto aliyemwaga maji kidogo tu. Mgao wa chakula umepunguzwa, karo ya shule inadaiwa, na simu ya nyumbani ikilia usiku unaogopa kuipokea. Mwili uko kambini, lakini akili imebaki Uvira, Rutshuru, Bujumbura au Mogadishu. Ikitoka huko inakimbilia mwezi ujao: tutakula nini, tutapelekwa wapi.

Jina letu lenyewe, mkimbizi, limetoka kwenye kukimbia. Sisi tumetembea sana, jamani. Wengine tulitembea siku kumi, mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Lakini kule hakukuwa kutembea. Kulikuwa ni kukimbia kwa miguu iliyochoka. Tangu hapo miguu yetu inajua kazi mbili tu: kukimbia hatari na kufuata foleni. Ndiyo maana tulipopata asubuhi moja ya kutembea bila kufukuzwa na mtu, tuliona ni kitu kipya kabisa.

Kwa nini Old Kampala

Tulikuwa watu saba: akina mama wanne, akina baba wawili, na kijana mmoja wa miaka 17. Tulikuwa tumefika Kampala kwa shughuli mbalimbali. Wengine walisindikiza wagonjwa, wengine walifuatilia karatasi. Jumapili ofisi zimefungwa. Badala ya kukaa chumbani kuhesabu nauli ya kurudi, mzee mmoja kati yetu akasema, "Haya, twendeni tukatembee. Lakini tutembee kama watu, siyo kama wakimbizi."

Wakimbizi wengi wa Kampala wanakijua kilima hicho. Kwa miaka mingi, mtu aliyefika mjini kuomba hifadhi alianzia Kituo cha Polisi cha Old Kampala, kwenye dawati la wakimbizi. Wengi wetu tuliwahi kusimama pale tukiwa na bahasha ya plastiki mkononi, tukisubiri jina liitwe. Hakuna aliyetutendea vibaya siku hizo. Hofu tulikuja nayo wenyewe kutoka tulikotoka. Lakini hofu hiyo iliganda kwenye barabara ile, na hadi leo wengine wakipita pale tumbo linakatika.

Kilima chenyewe kina historia ndefu ya watu wanaokuja na wanaoondoka. Zamani swala walikuwa wakilisha pale, na ndiko lilikotoka jina la Kampala, yaani kilima cha wale swala wanaoitwa impala. Desemba 1890 afisa Mwingereza, Kapteni Frederick Lugard, alifika hapo akitokea pwani ya Mombasa, akajenga ngome juu ya kilima. Hakukuwa na reli wala gari. Walitembea, na mizigo ilibebwa na wapagazi wa pwani. Kwa hiyo Kiswahili kilikipanda kilima hicho kwa miguu zaidi ya miaka 130 iliyopita, na mzigo kichwani.

Januari 1892 vita vikapigwa hapo kati ya makundi ya Waganda wenyewe. Lugard alitumia bunduki ya Maxim kutoka ngomeni, Kabaka Mwanga akakimbia, na watu wengi wakahamia Buddu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Familia nyingi za Kihindi zilizokuwa zikiishi Old Kampala zilifunga milango na kwenda zake. Baadaye tukaja sisi: Wakongo, Wanyarwanda, Wasomali, Warundi, Wasudani, Waeritrea. Ukiyajua haya, unakoma kujiona wewe peke yako ndiye uliyefika kwenye kilima kile na huzuni yako.

Tulivyoanza chini

Tulianzia chini, upande wa Namirembe Road, saa mbili asubuhi. Siku za kazi huwezi hata kusikia sauti ya jirani yako: teksi zinapiga honi, bodaboda zinapenya katikati ya watu, makondakta wanaita abiria. Jumapili asubuhi barabara inapumua kidogo.

Mzee akatupa masharti matatu. La kwanza, simu mfukoni. La pili, hakuna kuongea habari za karatasi wala za nyumbani mpaka tufike juu. La tatu, kila mmoja asikilize nyayo zake: kisigino kinagusa, unyayo unafuata, vidole vinasukuma. Akili ikitoroka, usiigombeze. Irudishe tu kwenye mguu, kama unavyomrudisha mtoto mdogo anayekwenda barabarani.

Mama mmoja akacheka. "Mzee, mimi nikitembea bila ndoo wala mzigo, watu watasema nimechanganyikiwa. Kwetu anayetembea bila kazi ni mzururaji."

Mzee akamjibu, "Mama, mzururaji hajui yuko wapi. Sisi tunatembea ili tujue tuko wapi."

Basi tukaanza. Dereva wa bodaboda akatuita, "Nnyabo, tugende?" Tukamwambia hapana, leo tunatembea. Akashangaa, akacheka, akasema, "Kale, mpola mpola." Waganda wana methali inayosema kwamba mwenda mpola mpola hufika mbali. Nasi tunasema mwenda pole hajikwai. Lugha mbili, neno moja.

Hatua mia za kwanza zilikuwa ngumu kuliko mlima wenyewe. Miguu ilitaka kwenda mbio. Mmoja wetu alijikuta ametangulia mita ishirini, akasimama kutungoja huku akijicheka. Mwingine alisema kichwani alikuwa amelipa madeni matatu kabla ya kufika kwenye kona. Lakini pole pole vitu vikaanza kuonekana. Harufu ya chapati na mayai kwenye bati la moto. Mama akifagia mbele ya duka. Wale ndege wakubwa wenye upara, ambao Waganda wanawaita kalooli, wamesimama juu ya paa kama wazee wa baraza. Nyimbo za kanisa zikitoka mbali.

Tulipokaribia kituo cha polisi, yule mama aliyekuwa amecheka akanyamaza. Yeye alijiandikisha pale mwaka 2012, akiwa na mimba ya miezi saba. Mzee akamwambia, "Mama, tunaweza kupita njia nyingine." Akakataa. Akasema apite, ila tupunguze mwendo. Tukapunguza. Akawa anahesabu pumzi: hatua tatu kuvuta, hatua nne kutoa. Mbele kidogo akasimama chini ya mti, akauangalia juu hadi chini.

"Mti huu ulikuwepo siku zote?" akauliza.

Ulikuwepo. Ni mti mkubwa, mzee kuliko sisi sote. Alikuwa amepita chini yake mara nyingi na hakuwahi kuuona. Hakusema zaidi, nasi hatukumwuliza. Lakini tangu hapo alitembea mabega yakiwa yameshuka.

Ngazi 304

Juu ya kilima kuna Msikiti wa Taifa wa Uganda. Ujenzi ulianza miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, ukakwama kwa miaka mingi, kisha ukamalizwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Watu waliuzoea kwa jina la Msikiti wa Gaddafi. Baada ya yeye kufa mwaka 2011 ukaja kuitwa Msikiti wa Taifa. Wageni wa dini zote wanakaribishwa kuutembelea kwa kiingilio, nje ya saa za swala. Akina mama wanapewa nguo ya kujifunika kabla ya kuingia. Ngome ya Lugard ilibomolewa kupisha msikiti, na mfano wake umejengwa pale pale kilimani.

Mnara wa msikiti una ngazi 304 zinazozunguka. Wawili kati yetu walibaki chini kwa sababu ya magoti, wakakaa kivulini. Hilo nalo ni zuri, kwa sababu kutulia siyo mashindano. Sisi watano tukapanda tukihesabu kimoyomoyo. Sharti likawa kwamba ukipoteza hesabu, unaanza tena moja, bila kujilaumu. Kijana wetu alipoteza hesabu mara nne. Alipofika juu alisema, "Mzee, mimi nimepanda ngazi 60 tu." Tukacheka mpaka mwongozaji akatugeukia.

Ukiwa juu unauona mji mzima umekuzunguka. Upande mmoja Namirembe na kanisa lake kuu, na Rubaga nyuma yake. Upande mwingine Mengo, kwenye ikulu ya Kabaka. Makerere huku, Nakasero kule, Kibuli na msikiti wake mbali kidogo. Chini paki ya teksi imejaa magari meupe kama punje za mchele kwenye ungo. Zile barabara ambazo tukiwa chini zinatutisha, kutoka juu ni nyuzi tu.

Tulikaa kimya pale kama dakika tano. Mmoja wetu alisema baadaye kwamba tangu afike Uganda hajawahi kukaa dakika tano bila kungoja kitu. Hebu fikirini juu ya hilo. Maisha yetu ni kungoja: kungoja mgao, kungoja usaili, kungoja jibu. Pale juu hatukuwa tunangoja chochote.

Kushuka Kisenyi

Tulishuka upande wa Kisenyi, ambako ndugu zetu wengi wa Somalia wamefungua maduka, hoteli na ofisi za kutuma pesa. Huko kuna pia mashine za kusaga mahindi, na vumbi la unga linaonekana nguoni mwa vijana. Kushuka nako kunataka uangalifu, maana magoti yanafanya kazi zaidi na mtu anashawishika kukimbia. Tukanywa chai ya maziwa yenye viungo kwenye hoteli ndogo. Mzee mwenye hoteli alipojua tumetoka kambini akasema, "Karibuni, ndugu zangu," akatuongezea chai bila malipo.

Hatukurudi tukiwa matajiri. Madeni yalikuwa pale pale, karatasi pale pale. Ila usiku ule watu wanne kati ya saba walilala mpaka alfajiri. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu mabati ya paa usiku kucha, hiyo siyo habari ndogo.

Siyo uchawi, siyo dini

Wengine watauliza kama haya ni mambo ya kigeni. Kutembea kwa utulivu kumefundishwa sehemu nyingi. Mtawa mmoja wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki mwaka 2022, aliwafundisha watu duniani kutembea namna hii. Naye aliishi uhamishoni miaka 39, asiruhusiwe kurudi kwao. Lakini kutembea hakuna dini. Mwislamu anaweza kutembea akimtaja Mungu, Mkristo akiomba, na asiyependa kuomba akihesabu hatua tu.

Tena hapa hapa Uganda jambo la jamii hii limepimwa. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mafunzo ya kupunguza msongo wa mawazo, na yakajaribiwa kwa wanawake 694 wa Sudan Kusini katika Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa Uganda. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Walikutana kwa vikundi mara tano, wakasikiliza maelezo yaliyorekodiwa na kutumia kitabu cha picha. Hawakufundishwa kutembea, lakini msingi ni ule ule. Walifundishwa kwamba mawimbi ya mawazo yakija, sukuma nyayo zako ardhini, pumua pole pole, angalia unachokiona, sikiliza unachokisikia, gusa kilicho karibu. Miezi mitatu baadaye, waliopata mafunzo walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao ambao hawakuyapata.

Mwili nao unafaidika. Shirika hilo hilo linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kutembea kwa bidii nusu saa, siku tano, kunatosha kufikia hizo 150. Mwendo wa pole pole tunaousema hapa ni zaidi kwa ajili ya akili, kwa hiyo mkiweza changanyeni yote mawili.

Jinsi ya kufanya hapa kambini

Huhitaji mnara wala nauli ya Kampala. Njia ya kwenda bombani inatosha, au ya kwenda ziwani, au ya kuzunguka uwanja wa shule. Fanya hivi:

1. Chagua dakika kumi, asubuhi kabla ya jua kali au jioni kabla ya giza. Akina mama na wasichana, tembeeni wawili au zaidi.

2. Simama kwanza. Sikia ardhi chini ya miguu yako. Pumua mara tatu bila haraka.

3. Anza kutembea pole kuliko kawaida yako. Fuata unyayo: kisigino, katikati, vidole.

4. Taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovisikia, vitatu unavyovigusa au vinavyokugusa, kama upepo, vumbi au mkono wa mtoto.

5. Akili ikienda kwenye deni au vita, sema, "Nimekuona," kisha uirudishe mguuni. Hata ikitoroka mara mia, irudishe mara mia. Kule kurudisha ndiyo kazi yenyewe.

6. Ukimaliza, simama tena. Jiulize: mabega yangu yakoje? Taya je? Tumbo je?

Ukiwa na ndoo kichwani unaweza pia. Wakati wa kwenda, ndoo ikiwa tupu, tembea kwa utulivu. Wakati wa kurudi sikiliza maji yanavyocheza ndani ya ndoo. Watoto nao wafundisheni kama mchezo: nani atasikia ndege wengi zaidi mpaka tufike shuleni? Mtoto anayetembea na mzazi aliyetulia anajifunza utulivu bila hotuba.

Tahadhari

Kwa baadhi yetu, kukaa kimya na kusikiliza mwili kunaamsha mambo mabaya yaliyopita. Ikikutokea, usijilazimishe. Usifumbe macho. Angalia nje: taja rangi za nguo za wapita njia, mwite mwenzako kwa jina, shika mti au ukuta, kunywa maji. Rudi nyumbani kwa njia unayoijua. Sehemu inayokukumbusha ubaya usiiendee peke yako. Yule mama wa Old Kampala alipita pale kwa hiari yake, na watu sita walikuwa naye.

Na tusidanganyane: kutembea hakutibu kila kitu. Mtu asiyelala wiki nyingi, anayesikia sauti, asiyeweza kula, anayemwumiza mwenzake au anayetaka kujiua, huyo asipewe ushauri wa kutembea tu. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na msimwache peke yake njiani. Kumwona mganga wa akili si aibu, kama ambavyo kupima malaria si aibu.

Wazazi wenzetu, jaribuni wiki hii. Mwanaume amwite mke wake, jirani amwite jirani, mkwe amwite mkwe. Dakika kumi tu, mpola mpola. Kisha mtuambie mliona nini njiani ambacho hamjawahi kukiona. Majibu yenu tutayaandika toleo lijalo, na tungependa kuanza na miti. Tunataka kujua ni mingapi iko kati ya nyumba yako na bomba la maji.

Tunawatakia mwezi mwema na usingizi mzuri.